Nilivyofundishwa Ngoma Nyumbani Khwisero

Siku moja ofisini kwetu palikuwa na karamu ya kumwaga mzee mmoja wa masijala aliyekuwa akistaafu. Watu walipokwisha kula, wakaingia wapiga isukuti watatu walioletwa kutoka Shinyalu, wakatuchangamsha sana. Baadaye kidogo, yule wa ngoma ndogo akatoka nje kupokea simu, na ngoma yake ikabaki imelala juu ya kiti karibu nami. Sikukusudia kufanya lolote, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Niliitia ngoma kwapani, nikawafuata wale wawili waliosalia.

Nilipiga yapata dakika mbili tu, na viganja vikaanza kuwaka moto kama vya mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Hata hivyo wenzangu walistaajabu, maana kwa miaka yote hiyo walikuwa wakinijua kuwa mtu wa faili na mihuri. Mkubwa wangu akaniuliza, "Bwana Karani, hayo umesomea shule gani?" Nikacheka, nikamjibu, "Shule ya nyumbani." Akadhani natania. Tangu siku hiyo nimeona kuwa jibu langu lilikuwa fupi mno, na kwamba shule ile yastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa imedumu zaidi ya miaka 60, imefundisha vizazi vitatu na sasa inafundisha cha nne, wala haijapata kuwa na daftari la mahudhurio.

Kwetu ni Khwisero, katika nchi ya Abashisa, ambayo wageni huiita Kisa. Ni jirani ya Butere, na kwa upande wa Bunyore kuna mto Yala. Watu wake hulima mahindi na maharagwe, hupanda migomba na mboga za kienyeji nyuma ya jiko, na mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hujiona ana mali. Ukitaja isukuti huko, hata mtoto atakuambia kwamba kwa asili si ngoma ya Abashisa. Wenyewe hasa ni Abisukha na Abidakho, watu wa Shinyalu, Khayega na Malinya, wakaao upande wa mashariki. Sisi wengine tumeipokea kwao, na leo husikika karibu kila mahali wakaapo Abaluhya, hata katika viwanja vya mpira vya Nairobi, ambako wapenzi wa AFC Leopards, timu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United, hawawezi kushangilia bao bila hiyo.

Ilivyofika bomani kwetu ni kwa njia ya ndoa. Kukhu, yaani bibi yangu mzaa baba, alizaliwa Isukha, akaolewa Khwisero miaka michache kabla ya Uhuru wa 1963. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, kaka yake alikuja na wenzake kumpongeza, maana kwao mtoto akizaliwa ni lazima isukuti ipigwe. Walikuja kwa miguu na ngoma zao tatu mabegani. Wakacheza siku mbili. Siku ya tatu wenzake walirudi, lakini yeye hakuweza, kwa sababu katika kucheza alikuwa ameteguka mguu, nao ulikuwa umevimba kama boga.

Basi akakaa kwetu karibu mwezi mzima akiuguza mguu ule, na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akamfundisha Kuka, yaani babu yangu, kupiga ngoma. Msomaji anayejua desturi zetu ataelewa ugumu wa jambo hilo. Mtu na shemeji yake huheshimiana mno. Mmoja hawezi kumkaripia mwenzake, wala hawezi kumwambia wazi kwamba mkono wake ni mzito kama wa mtu atwangaye muhogo. Kuka alipenda kutuambia kwamba ndiyo sababu alijifunza vizuri. Mwalimu wake, kwa kuwa hakuruhusiwa kumkemea, ilimlazimu kila kosa amwoneshe tena kwa mkono, pole pole, mpaka lirekebike. Mguu ulipopona shemeji akaenda zake na majogoo mawili, akaziacha ngoma, akisema kwamba ni za mtoto.

Kwanza Kuka aliwafundisha wanawe, baba yangu na ndugu zake, na watoto wa majirani waliopenda. Kisha tukaja sisi wajukuu. Mimi niliingizwa mwaka 1995, nikiwa na umri wa miaka 7.

Nitazieleza ngoma zenyewe kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na watu wengi huzifananisha na baba, mama na mtoto. Hizo ngoma ndizo zilizoupa mchezo wote jina. Kila moja ni gogo refu lililochongwa na kutobolewa ndani, likawambwa ngozi upande mmoja tu. Mpigaji huining'iniza begani, akaishika kwapani, akaipiga kwa viganja bila fimbo. Pamoja nazo huwapo pembe ya swala inayopulizwa, na njuga na vyuma vya kugonganisha. Mwimbishaji mmoja huongoza, wengine huitikia, na wachezaji husimama kwa safu, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Mwendo wake ni wa haraka, na kazi kubwa iko mabegani.

Ngozi iliyo bora ni ya kenge, kwa kuwa ni nyembamba na hutoa sauti kali. Lakini kenge hapatikani dukani. Ngozi ya ngoma yetu ya kati ilipopasuka, Kuka aliwamba ya mbuzi, na tangu siku hiyo ngoma ile ilisema kama mtu mwenye mafua. Kukhu aliipa jina la mgonjwa. "Leteni mgonjwa aote jua," alikuwa akisema, maana kabla ya kupigwa ngoma zote hutegwa juani au karibu na moto ili ngozi ikaze. Kazi ya kuzigeuzageuza mbele ya moto ilikuwa yetu watoto. Ukiisogeza mno inapasuka, ukiiweka mbali inalegea. Nadhani hilo lilikuwa somo la kwanza kabisa, ingawa hapana aliyetuambia kwamba ni somo.

Shule ilikuwa Jumamosi alasiri, baada ya ng'ombe kunyweshwa. Ada ilikuwa mzigo mmoja wa kuni kwa kila mtoto. Mahali palikuwa uwanja ulio kati ya nyumba kubwa na ghala, chini ya mwembe. Mtoto mgeni alikuja akidhani atapewa ngoma siku ile ile. Alikosa sana! Mwaka mzima hakuigusa, isipokuwa kuiota moto. Miezi ya kwanza alifundishwa kusimama safuni na kutembea. Kuka alisema kwamba mtu asiyeweza kutembea pamoja na wenzake hawezi kucheza nao. Tulizunguka ule mwembe mpaka nyasi zikaisha, tukijifunza kuweka miguu chini kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo yalikuja mahindi. Katika majira ya mavuno, mahindi makavu yalitiwa magunia, nasi tukapewa fimbo tuyapure. Watatu watatu tulizunguka gunia moja. Wa kwanza alipiga bila kubadili, wa pili akaingia katikati ya mapigo yake, na wa tatu akapiga kwa mkazo pale Kuka alipoinua kidole. Tulidhani tunafanyishwa kazi ya nyumba, tena kwa hila, na binamu yangu mmoja alimshitaki Kuka kwa mama yake kwa jambo hilo. Lakini ilipofika siku ya kupewa ngoma, nilitia ile ndogo kwapani, Kuka akasema tu, "Gunia," na mikono yangu ikajua. Sijapata furaha nyingine kama ile, hata siku niliyopokea barua ya kuajiriwa.

Kwetu ngoma ndogo haikuruhusiwa kubadilika. Kazi yake ilikuwa kwenda, na kwenda, na kwenda. Ya kati ilijaza nafasi. Kubwa ndiyo iliyosema, ikawaambia wachezaji wakati wa kugeuka, wa kuinama na wa kutikisa mabega. Kila mtoto alitaka ile kubwa, na kila mtoto alianza na ndogo. Kuka alimweka mpigaji mpya karibu na yule aliyemzidi kidogo tu, si na fundi. Alisema fundi humtia mtoto hofu, lakini aliyemtangulia kwa mwaka mmoja bado anakumbuka mahali alipojikwaa.

Hakupata kutupiga wala kutukemea, kama alivyofundishwa na shemeji yake. Mambo yakiharibika alisimama, akatoa ugoro wake, akautazama mlima ulio mbali kana kwamba ameona mvua inakuja. Tungetamani atuchape. Ukimya ule uliuma zaidi, nasi tulianza upya bila kuambiwa.

Mwalimu mkuu hasa, hata hivyo, alikuwa Kukhu. Yeye hakushika ngoma kamwe, kwa kuwa kwa desturi wapigaji ni wanaume. Alikaa jikoni akipika, mlango ukiwa wazi, wala hakututazama. Ghafula sauti ilitoka moshini, "Yule wa tatu amelala!" Na kweli, wa tatu alikuwa amechelewa. Alizaliwa penye ngoma hizi, naye alizisikia kama mimi nisikiavyo jina langu likiitwa sokoni. Kuka alijua hivyo. Mara nyingi baada ya wimbo alitazama kwanza upande wa jikoni, na kama hapakutoka neno, akatabasamu.

Walipotuona tumeiva walituchukua katika sherehe. Isukuti huitwa kwenye ndoa, kwenye kuzaliwa kwa mtoto, kwenye tohara, kwenye mazishi ya wazee, na kwa Abisukha na Abidakho hata mafahali wakienda kupigana husindikizwa nayo. Sisi tuliitwa zaidi kwenye harusi na matanga. Malipo ya watoto yalikuwa nyama, na chai yenye maziwa mengi kuliko ya nyumbani. Tulivaa sketi za mkonge tulizosuka wenyewe kutoka ule uliopandwa mpakani mwa shamba, na ingawa ulituwasha kiunoni usiku kucha, hapana aliyekubali kuvua.

Harusi moja siwezi kuisahau. Tulikuwa njiani tukashikwa na mvua kubwa mahali pasipokuwa na hata banda. Tulipofika, ngozi za ngoma zote tatu zilikuwa zimelegea kama mashavu ya kizee, na moto wa jikoni ulikuwa umejaa masufuria ya watu wa karamu. Wenyeji walituangalia kwa huzuni. Hapo baba yangu mdogo akaomba chupa mbili tupu za soda na msumari, akakaa juu ya kreti, akaanza kugonga. Aligonga lile pigo la ngoma ndogo. Binamu akachukua debe, akatia la kati. Kuka mwenyewe akapindua karai la kunawia. Bwana arusi alisema baadaye kwamba hajaona isukuti ya namna ile, na sijui hata leo kama alikuwa anatusifu.

Hiyo hila ya chupa haikuwa ya baba mdogo. Ni urithi wa wapiga gitaa wa nchi yetu. Wasomaji wenye umri watamkumbuka George Mukabi, ambaye kwao ni huku huku Kisa, aliyepata sifa katika miaka ya 1950 kwa namna ya kupiga gitaa kwa vidole iitwayo omutibo, na kwa nyimbo kama "Sengula Nakupenda". Mukabi alifariki mwaka 1963, angali kijana. Anayesikiliza vizuri sahani zake atasikia chupa ikigongwa nyuma ya gitaa, na ndani ya nyuzi zenyewe atasikia mwendo wa isukuti, kana kwamba mtu amezifungia ngoma zote tatu katika sanduku moja la mbao. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, aliishika namna ile ile ya baba yake. Na jirani zetu wa Bunyore, Shem Tube na wenzake walioitwa Abana ba Nasery, waliifikisha chupa ya soda mpaka Ulaya, ambako nyimbo zao zilipata wasikilizaji wengi. Kwa hiyo wale watu wa harusi hawakudhulumiwa kitu. Walipewa ngoma ya kwao kwa njia nyingine.

Nisije nikaandika kana kwamba kila mtu aliipenda shule ile. Mama yangu hakuipenda sana. Alihofu kwamba ngoma itakula muda wa vitabu, na tena alikuwa mtu wa kanisa. Wamisionari wa kwanza walipofika pande zetu, Marafiki walipoanza kazi Kaimosi mwaka 1902 na watu wa C.M.S. Butere mwaka 1912, wengi wao waliiona ngoma kuwa ni jambo la giza, na Wakristo wa zamani walizoea kukaa mbali nayo. Leo isukuti hupigwa hata katika ibada, lakini mawazo ya watu hayabadiliki kwa siku moja. Kuka mwenyewe alikuwa Mkristo aliyebatizwa, naye alitunza kofia mbili, ya Jumamosi na ya Jumapili, zikining'inia kwenye misumari miwili. Mama alipomwuliza ipi ni ya kweli, alijibu kwamba kichwa ni kimoja.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kupaeleza.

Mwaka 2003 nilikwenda shule ya sekondari ya misheni, mbali na nyumbani, nikakaa bwenini na vijana wa mijini. Katika muhula wa pili mwalimu mmoja alisimama mbele ya darasa, akauliza ni nani ajuaye kupiga isukuti, kwa sababu shule ilitaka kuingia katika Mashindano ya Muziki ya Kenya, yale yaliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo yana sehemu ya ngoma za kienyeji. Mikono miwili iliinuka, ya vijana ambao, kama nilivyoona baadaye, hawakujua lolote. Wangu ulikuwa chini ya dawati. Siku hizo nilitaka wenzangu wanijue kwa Kiingereza changu, si kwa sketi ya mkonge.

Akaletwa fundi wa kulipwa. Kila jioni niliwasikia kutoka maktabani wakijifunza yale yale niliyojua, na ngoma ndogo ikichelewa. Ilichelewa kila siku, mahali pale pale. Nilikaa na kitabu mbele yangu nikisikia sauti ya Kukhu kichwani, "Yule wa tatu amelala," wala sikunyanyuka. Hawakufika mbali katika mashindano. Sisemi kwamba ningewafikisha mimi. Ila nilijua kosa lilipo, nikanyamaza.

Tangu hapo nilikwenda nyumbani kwa nadra. Likizo zilikuwa za masomo, kisha zikawa za kutafuta kazi. Wajukuu wengine nao waliondoka mmoja mmoja, huyu Nairobi, yule Eldoret, yule Kisumu kuendesha pikipiki. Nilikuwa nikisikia tu kwamba Kuka hajambo.

Mwishoni mwa mwaka 2014, nikiwa karani mpya, nilisoma gazetini kwamba mkutano wa UNESCO uliofanywa Paris umeiandika isukuti ya Abisukha na Abidakho katika orodha ya urithi wa binadamu unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wengi ofisini walifurahi wakadhani tumepewa tuzo. Nilisoma mpaka chini. Ilielezwa kwamba ngoma hii sasa huchezwa kwa nadra kuliko zamani, kwamba wengi wa wenye kuijua ni wazee wasio na wa kuwarithi, na kwamba watunzi, na mafundi wa ngoma na mavazi, hukosa fedha na vitu vya kutengenezea. Mwandishi yule hakumjua Kuka, lakini alikuwa amemwandika. Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu kwenda Khwisero.

Nilimkuta chini ya mwembe, amezeeka kuliko nilivyotazamia. Nikamwambia kwamba ngoma yake imeandikwa katika kitabu cha mataifa. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Na yule atakayeipiga kesho, wamemwandika?" Sikuwa na la kusema. Akaita jina la dada yangu, binti wa baba mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16. Binti akatoka jikoni, akafuta mikono, akaichukua ngoma kubwa kutoka ukutani kama mtu achukuaye ndoo yake mwenyewe, akaipiga. Nakiri ya kuwa hapana hata mmoja katika sisi wajukuu wa kiume aliyepata kuipiga namna ile.

Kumbe wavulana tulipoondoka, Kuka alibaki na ngoma tatu na msichana mmoja aliyekaa jikoni na Kukhu, akisikia makosa yote kwa miaka mingi. Alimfundisha nyuma ya ghala, jioni, ili majirani wasiseme. Majirani walisema vile vile. Walisema kwamba mwanamke hashiki isukuti, na kwamba mzee amechanganyikiwa kwa uzee. Nilimwuliza kama haogopi maneno hayo. Akasema kwamba yeye alifundishwa na shemeji yake, jambo ambalo nalo halikuwa desturi.

Kuka alifariki mwaka 2018, mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa bado ghalani na maganda yake. Tulirudi sote. Wapigaji wa zamani walikuja, wengine kwa fimbo, wengine hawakuja kwa kuwa walikuwa wamemtangulia. Ikafika saa ya kumtoa nyumbani, nazo ngoma tatu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimekwisha kuota jua. Dada yangu akainyoosha mkono ile kubwa. Mzee mmoja wa ukoo akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika na watu wote kwamba hilo halitatendeka, mzee hawezi kusindikizwa na mkono wa mwanamke.

Watu wakanyamaza. Baba yangu akatazama chini. Nami nilinyamaza, na hiyo ikawa mara ya pili.

Aliyesema ni Kukhu. Alikuwa amekaa mkekani karibu na jeneza, amejifunika leso, wala hakuinua kichwa. Alisema, "Ngoma hizi zilikuja bomani hapa siku nilipozaa. Kama si mwanamke, mngezipata wapi?" Kisha akamwambia mjukuu wake, "Piga, mama."

Yule mzee alibaki amesimama kidogo, akafanya kama anayetafuta kofia yake, akakaa. Dada yangu akaitia ngoma kubwa begani. Baba mdogo akachukua ya kati, yule mgonjwa wetu mwenye ngozi ya mbuzi. Watu wakaanza kutazamana, nani atashika ya tatu. Nikasogea mbele. Dada akanitazama viganja, laini kama vya mtoto, akasema taratibu, "Kaka, wewe shika ndogo. Usibadili kitu." Naam, nikaishika ile niliyoanza nayo, nikaenda, na kwenda, na kwenda, mpaka kaburini, na damu ikanitoka katika kidole kimoja. Jikoni hapakutoka neno.

Shule ingali pale. Dada yangu amekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi alasiri hukusanya watoto wa boma na wa jirani chini ya ule ule mwembe. Wasichana ni wengi kuliko wavulana. Yeye hurekodi mapigo kwa simu ili watoto wasikilize nyumbani, jambo ambalo nadhani Kuka angelicheka. Ada bado ni kuni. Kukhu yu hai, haoni vizuri, lakini kiti chake huwekwa mlangoni pa jiko.

Mwaka huu nimempeleka mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 7. Jumamosi iliyopita, nilipokuja kumchukua, alinijia amenuna, akanishitakia kwamba huu ni mwezi wa nne na hajapata kugusa ngoma hata mara moja. Nikamwuliza, basi amekuwa akifundishwa nini. Akasema amepura magunia mawili ya mahindi.

Nikamwambia aende akamalize la tatu.